Fundichuma Nyuma ya Ukuta

Nimesikia mmeajiriwa wawili kulinda lile bwawa jipya, na kwamba mmoja wenu aliomba darubini kabla ya kuomba buti. Nilicheka, halafu nikaacha kucheka nikatafuta kalamu. Mimi ni Wafula. Nililinda bwawa la ukuta wa udongo upande wa Kajiado, ndani kidogo ukishapita Isinya, kwa muda mrefu kiasi kwamba watoto wangu wote wamesomeshwa na kazi hiyo. Sasa nimestaafu, nakaa Kitengela, goti la kushoto linaniuma, na nikisikia maji yakichuruzika mahali nisipopaona bado nainuka kwenye kiti. Mara nyingi huwa ni choo cha jirani.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Fundi Mwangangi, Mkamba mfupi aliyeendesha tingatinga wakati bwawa lile linajengwa. Ukuta ule aliushindilia yeye mwenyewe, tabaka kwa tabaka, na aliuongelea kama mtu anavyoongelea ng'ombe wake. Siku yangu ya kwanza nilikuja na buti mpya zinazong'aa. Akaniambia nizivue.

"Na buti utasikia nini?" aliniuliza. "Tembea hapa chini, upande hakuna maji. Kila asubuhi. Ukikanyaga mahali pana unyevu, simama hapo uniite."

Basi nikatembea peku chini ya ukuta, upande wa bonde, kutoka mwanzo hadi mwisho. Mlioishi huku mnaijua baridi ya Julai, ule ukungu unaolala juu ya nyasi mpaka saa tatu na zaidi. Vidole vilikufa ganzi, nikamtukana Mwangangi kimoyomoyo kwa Kibukusu. Lakini ukweli ni kwamba mguu mtupu husikia unyevu mapema, wakati jicho bado linaona nyasi tu. Hilo mlishike, hata kama wenzenu watawacheka.

Kifaa cha pili alichonipa kilikuwa chupa ya jemu iliyooshwa vizuri. Ukuta wa udongo lazima utoe jasho kidogo, alisema, hakuna usiotoa. Ukiona maji yanatoka, kinga kwenye chupa, inua uangalie mwangani. Yakiwa meupe, ukuta unatoa jasho, weka alama urudi kesho. Yakiwa na rangi ya udongo, basi maji yanabeba ukuta wenyewe kutoka ndani, na hapo huna kesho.

Kosa langu la kwanza lilinipata mwaka uleule. Niliona tone mahali, jasho tu la kawaida, nikapata bidii ya mtu mgeni kazini. Nilijaza magunia udongo wa mfinyanzi, nikaziba, nikashindilia kwa miguu, nikamwita Mwangangi aje anisifu. Alitazama kazi yangu, akakaa chini, akacheka mpaka akakohoa.

"Sasa umemfungia ndani," alisema. "Si atatafuta dirisha?" Alipomaliza kucheka akanionyesha inavyofanywa: mchanga kwanza, halafu kokoto ndogo, halafu kubwa. "Maji wacha itoke. Udongo ndio unashika ibaki." Tuliutoa ule mfinyanzi wangu wote, na tangu hapo alinitania kwa jina la Mfungaji, hata baada ya kustaafu.

Somo la tatu lilikuwa fupi sana. Mti usiote juu ya ukuta. Ukiona mche, ung'oe ukiwa urefu wa kidole, kwa sababu mizizi huingia ndani, na mizizi ikioza huacha mashimo. Alinirudia hilo siku anaondoka, akiwa tayari na begi mkononi. Nilimwambia sawa Fundi. Hilo ndilo nililokuja kukosea, na ndilo linalonifanya niwaandikie.

Ndege walianza hivi. Mgeni mmoja alisahau darubini kwenye kibanda changu na hakurudi kuichukua. Nikaanza kutazama. Mlinzi wa bwawa ana saa nyingi ambazo hazina kitu, na kumbe saa hizo zilikuwa zimejaa ndege: bata bukini wenye kelele, mnandi weusi wanaokausha mabawa juu ya nguzo, yangeyange wakifuata miguu ya ng'ombe, mdiria akining'inia hewani kabla ya kujirusha majini. Nilijifunza kuhesabu kwa makumi, kwa jicho moja kwenye lenzi na kidole gumba kwenye kile kibonyezo cha kuhesabia. Wachungaji wa pale wakaniita Olmotonyi, ambalo kwao ni lile dege kubwa linalokula mizoga. Walidai ni kwa sababu napenda ndege. Mimi nadhani ni kwa sababu ya shingo yangu.

Ikawa kila Julai klabu ya ndege ya Kitengela inakuja kuhesabu. Wengi wao ni watu wa kwetu, walimu na makarani waliotoka magharibi wakapanga nyumba huku, wanaoamka alfajiri kwenda Nairobi na kurudi gizani, na Jumamosi moja wanataka kuona kitu kilicho hai. Aliyewaongoza alikuwa Mwalimu Akinyi, mama mrefu mwenye sauti ya gwaride. Walikuja na basi dogo la shule, na chapati, na chai kwenye thamosi. Niliwangojea mwaka mzima kama mtoto anavyongojea Krismasi.

Chini ya ukuta, bondeni, kulikuwa na boma moja tu. La Koko Nashipae, na koko kwa Kimaa ni bibi. Aliishi hapo kabla bwawa halijachimbwa, mume wake alizikwa hapo, na alikataa kuhama hata alipopewa mahali pengine. Aliishi na mke wa mwanawe, Naisula, na ndama wao. Mara mbili au tatu kwa wiki nilipita kumsalimia. Na nyinyi mnajua salamu za Wamaasai hazina haraka. "Takwenya, Koko," nasema. "Iko," anajibu. Halafu anauliza mke wangu yukoje, watoto wako wapi, kwetu Bungoma mvua imenyesha, ng'ombe wa ndugu yangu wamekula. Na mwisho wa yote, kila mara, kana kwamba ni mmoja wa jamaa zangu, aliuliza: "Na ukuta?"

"Sidai, Koko," nilijibu. Ni mzima.

Aliniamini. Alilala chini ya maji yale yote kwa neno hilo moja.

Sasa nirudi kwenye mti. Mgunga mmoja uliota kwenye bega la ukuta msimu niliokuwa likizo. Niliporudi ulikuwa unanifika kiunoni. Nilisema nitaukata wiki ijayo, na wiki ijayo ikawa na kazi zake. Siku nilipokuja na panga, mti umeshakuwa mti, na fundichuma wameanza kujenga juu yake. Mnamfahamu: ndege wa kahawia, kichwa kimekaa kama nyundo, anajenga kiota kikubwa ambacho mtu mzima anaweza kusimama juu yake. Vibarua niliowaleta walitazama kiota wakarudisha mapanga mabegani. Mmoja alisema atakayevunja nyumba ya ndege yule atazika mtu. Mwingine alisema kwao mtu alijaribu na nyumba yake ikapigwa na radi.

Niliwaambia waache ushirikina, mimi ni mzee wa kanisa. Halafu na mimi nikarudisha panga langu. Mama yangu alikuwa akimwona fundichuma uani hasemi neno mpaka jioni, na asubuhi ya siku aliyofariki baba, ndege huyo alikuwa amepita juu ya paa letu. Wageni wa klabu waliponiuliza kwa nini sikati mti, niliwaambia nahifadhi kiota. Walinipigia makofi. Ukweli ni kwamba niliogopa, na kwa kuwa niliona haya kuogopa, niliupa woga wangu jina zuri.

Hofu hiyo ya bure ilinikalia miaka. Hofu iliyofaa, ile aliyonifundisha Mwangangi kwa miguu mitupu, niliiacha ipungue kidogo kidogo. Nilianza kutembea juu ya ukuta badala ya chini. Juu ni pakavu, na ukiwa juu unaona ndege wote. Nilikuwa natazama maji na kulipa bonde mgongo.

Jumamosi ninayowaambia ilikuwa ya Julai yenyewe, bwawa limejaa mvua za Aprili mpaka ukingoni. Wiki hiyo nilikuwa nimetengeneza banda la kutazamia ndege kwa ajili ya wageni, nikafuma matete, nikaweka benchi. Siku nne sikukagua chini ya ukuta hata mara moja. Nne. Na Alhamisi nilipita kwa Koko, akauliza, nikamjibu sidai bila hata kufikiri.

Wageni walifika na ukungu wao, wamevaa masweta juu ya masweta. Tulikaa. Ukungu ulipoanza kuinuka tukahesabu: bata bukini, mnandi, kwarara weupe wenye vichwa vyeusi. Mimi nataja, kijana wa benki anaandika, Mwalimu Akinyi anasahihisha. Ilikuwa asubuhi nzuri sana, na hiyo huniuma nikikumbuka. Kama saa nne hivi Mwalimu aligeuka na darubini yake kutazama nyuma yetu, upande wa bonde.

"Fundichuma wawili," alisema. "Andika. Wako chini ya ukuta wanakula."

Nilicheka. "Mwalimu, huko ni kukavu. Huyo hula vyura. Angalia vizuri."

"Bwana Wafula, mimi naona. Anakoroga na mguu, ananyakua. Ameshika mwingine sasa hivi."

Nilipokea darubini. Ndege alikuwa amesimama kwenye maji, maji kabisa yenye kung'aa, mahali ambapo hapakuwahi kuwa na maji. Alitikisa mguu mmoja kwenye matope kama wanavyofanya, chura akaruka, akamnyakua. Yule kijana wa benki alikuwa ameinua kalamu ananingoja niseme idadi.

Niliingia kibandani nikachukua chupa ya jemu. Nilikuwa nimeitumia kuweka maua. Nilishuka nikivua viatu njiani, sijui kwa nini, hakuna tena kilichohitaji kuhisiwa. Dimbwi lilikuwa pana kama meza ya kulia. Katikati yake maji yalikuwa yanabubujika kutoka tundu la ukubwa wa kidole gumba, mstari mmoja na mgunga wangu uliokuwa juu. Nilikinga, nikainua chupa. Niliweka kidole upande wa pili na sikukiona. Nikamwaga, nikakinga tena. Mara ya pili ilikuwa nzito zaidi.

Nilimpigia simu injinia wetu, ambaye wikendi hiyo alikuwa kwa jamaa zake Magadi.

"Rangi gani?" aliuliza.

"Chai ya maziwa."

"Tangu lini?"

Hapo ndipo mlinzi wa bwawa anapimwa, vijana. Nilikuwa na jibu moja tu. "Sijui," nilisema.

"Mpaka nitoke huku nipite Oltepesi nizunguke, ni jioni. Usiningoje. Fungua valvu, halafu toa watu. Watu kwanza, Wafula."

Nilifungua valvu mpaka mwisho, lakini kwa bwawa lililojaa vile ilikuwa kama kumwaga pipa kwa kijiko. Niliporudi, Mwalimu Akinyi alikuwa amekwisha kunisoma usoni. Nilimwambia kwa kifupi, na hakuuliza swali hata moja. Nusu ya wageni aliwapeleka na basi kwenye kivuko cha barabara, kule chini, wazuie watu na mifugo. Nusu nyingine niliwaonyesha rundo la mchanga na la kokoto, jinsi ya kumwaga juu ya tundu bila kuziba, na nikamwambia kijana wa benki asitoe macho kwenye mgunga. Ukitikisika bila upepo, wakimbilie juu wote, waache hata majembe. Makarani wale walibeba kokoto kwa karai, kwa ndoo, kwa masweta. Kwa muda wa saa moja waliushikilia ukuta ule usimezwe na maji, na sijawahi kuwashukuru vya kutosha.

Mimi nilikimbia kwa Koko. Nilikimbia na miguu mitupu kwenye miiba, na kila nilipoweka mguu nilisikia kama ardhi inatetemeka. Haikuwa inatetemeka. Ilikuwa ni mimi.

Alikuwa amekaa mlangoni na shuka mbili, anaota jua ambalo halijafika. Nilifika natweta. Nilitaka kupiga kelele, lakini kwa mama wa umri ule mdomo ulifuata njia yake yenyewe.

"Takwenya, Koko."

"Iko. Mama watoto iko?"

"Yuko."

"Watoto?"

"Wako, Koko, wazima."

Alinitazama miguu, damu na matope. Akauliza la mwisho. "Na ukuta?"

Neno lilikuwa tayari ulimini. Ninawaambia ukweli mbele ya Mungu, lilikuwa tayari, kwa mazoea tu, na nililisikia likitaka kutoka. Nikafunga mdomo. Nilisimama pale kama mwanafunzi aliyesahau somo, machozi yananitoka, na sikuweza kusema sidai wala sikuweza kusema lile lingine.

Koko alishika fimbo yake akasimama.

"Hujajibu," alisema. Halafu akaita ndani kwa Kimaa, na Naisula akatoka mbio kufungua zizi la ndama.

Niliinama nimbebe. Alikataa kwanza, akasema mimi si mtoto wake wala si punda wake. Kisha akatazama ukuta, akatazama miguu yake, akapanda mgongoni kwangu. Hakuwa mzito. Tulipanda ukingo wa bonde, Naisula mbele na ndama, mimi nyuma, na njia nzima Koko alikuwa ananipigapiga begani kwa vidole viwili, taratibu, kama unavyotuliza ndama anayeogopa dawa. Sijui ni nani kati yetu aliyepaswa kumtuliza mwenzake.

Tulifika juu. Mwalimu Akinyi aliyekuwa amerudi akawatazama ndama, akauliza, "Walikuwa wangapi, Koko?" Ni swali la mtu wa kwetu. Koko hakumjibu, kwa sababu kwao mifugo haihesabiwi hivyo, unatazama tu nyuso. Alitazama mara moja.

"Nado hayuko," alisema.

Nado ni yule mwekundu. Naisula aligeuka kutaka kushuka, nikamshika mkono. Aliniuma kwa macho lakini sikumwachilia. Na hapo kijana wa benki akapiga kelele kule ukutani, nikaona watu wakitupa makarai na kupanda kwa mikono na magoti.

Mgunga ulitikisika, halafu ukainama polepole kuelekea bondeni pamoja na kiota chake, na ukuta ukafunguka chini yake. Sauti ilikuja baadaye kidogo. Sitawaelezea sauti hiyo. Maji ya kahawia yalishuka yakiwa na miti ndani yake, yakachukua zizi, yakachukua nyumba, mabati yakageuka mara moja yakapotea. Yalichukua pia mawe yaliyokuwa juu ya kaburi la mumewe. Koko alikuwa bado mgongoni kwangu, maana nilikuwa nimesahau kumshusha, na nilihisi pumzi yake inasimama na kuanza tena.

Hakuna mtu aliyekufa. Kivukoni walikuwa wamezuia wanawake watatu na mkokoteni wa punda. Nado alipatikana siku ya pili, mbali sana. Fundichuma wale wawili waliruka kuelekea Isinya, na sikuwaona tena. Vibarua wangu mpaka leo wanasema si unaona, mti ulianguka na nyumba ikapotea, ndege yule ni mbaya. Nimechoka kuwaeleza. Ndege alikuwa anatafuta vyura tu, na ndiye pekee siku hiyo aliyekuwa anafanya kazi yangu.

Waliokuja kuchunguza waliniuliza kwa nini mti haukukatwa. Niliwaambia niliogopa kiota. Mmoja alitabasamu akadhani ni utani, nikarudia. Waliuliza mara ya mwisho nilikagua chini lini, nikawaambia. Niliachwa nimalize miezi michache iliyobaki nikilinda stoo. Mwangangi nilimpigia simu Machakos, ni mzee sana sasa. Nilimweleza yote. Akauliza, "Uliweka mchanga kwanza?" Nikasema ndiyo. "Basi," alisema, na hakuwahi kuniita Mfungaji tena, jambo lililoniuma kuliko kama angeniita.

Koko sasa anakaa Kitengela kwa mwanawe, ploti ya mawe, nyumba ya chini, dirisha linaloangalia ukuta wa jirani. Hapapendi. Anasema watu wa huku wanasalimia wakitembea. Ninakwenda kumwona Jumapili nikitoka kanisani. Ananipa mkono, anauliza mke wangu, watoto, Bungoma, ng'ombe wa ndugu yangu. Halafu ananitazama, na wala si kwa ubaya, anauliza kama zamani.

"Na ukuta?"

Mara ya kwanza nilidhani umri umemchanganya, kwamba amesahau hakuna ukuta tena. Hajasahau kitu. Kwa hiyo simjibu nikiwa nimekaa. Navua viatu pale mlangoni, watoto wa ploti wananicheka, nazunguka nyumba yote peku nikikanyaga chini ya ukuta, nyuma kwenye mabomba, pembeni kwenye mtaro, mpaka nirudi nilipoanzia. Anangoja. Nikishamaliza ndipo naingia, nakaa, namwambia nilichokuta.